Neno "Chungu" Limeelemewa

Muulize mnywaji yeyote katika baa za mji wetu wa Hola kwamba bia nyeusi ina ladha gani, naye atakujibu kwa neno moja tu: chungu. Muulize na jirani yake wa meza ya pili, ambaye haigusi tangu siku alipoionja ikamkirihi, naye atakwambia vivyo hivyo: chungu. Mpenzi wa kitu na mwenye kukichukia wanakitaja kwa neno lile lile, na baada ya hapo mazungumzo hufa. Neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa mwarobaini, kwa shubiri, kwa dawa za malaria, kwa kahawa ya jioni, kwa nyongo iliyopasukia nyamani na hata kwa kufiwa. Je, vitu hivyo vyote vina ladha moja? La hasha. Dai langu leo ni kwamba lugha yetu haina upungufu wowote katika jambo hili. Wenye upungufu ni sisi wasemaji, na bia nyeusi, kwa aina zake mbalimbali, ni kipimo kizuri cha upungufu wetu.

Najua vyema kuwa ukurasa huu husomwa na walimu na wanafunzi, na kwamba katika kaunti hii ya Tana River nusu ya majirani zangu, au zaidi, ni watu ambao dini yao imewaharamishia kileo. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo nayo inamkataza muuzaji kumpa kinywaji hicho mtu asiyetimiza miaka 18. Simwombi mtu aonje. Mwanafunzi asomaye hapa na ajue kuwa kila neno nitakalolitaja atalikuta katika sufuria ya wali ya mamaye, katika birika la kahawa na chini ya mwembe wa nyumbani kwao.

Kwanza tuyatazame majina yenyewe, maana hapa pana jambo la kumfurahisha mwalimu wa lugha. Bia nyeusi za Waingereza zina majina mawili makuu, pota na stauti. Pota ni hamali. Ndiyo, hamali yule yule wa bandarini, mpagazi wa kubeba magunia mgongoni. Bia hiyo ilipata jina lake mjini London katika miongo ya mwanzo ya karne ya 18, kwa kuwa ilipendwa na wachukuzi wa mizigo wa masoko na gati za mto Thames. Stauti lilikuwa neno la sifa tu, lenye maana ya kitu chenye nguvu na kilichoshiba. Watu walisema "pota stauti", yaani pota kali kuliko ya kawaida, kisha nomino ikadondoka na kivumishi kikabaki peke yake kikijifanya nomino. Wanafunzi wa sarufi wanajua kuwa mambo hayo hutokea hata kwetu. Tunasema "kali" tukimaanisha tembo kali, na msikilizaji haulizi kitu gani hicho kilicho kali.

Kwa hiyo anayeuliza leo tofauti ya pota na stauti ni nini, anaulizia mpaka ambao historia yenyewe haikuuchora sawasawa. Pota ilipikwa kwa wingi wa kutisha. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja kubwa mno la kiwanda cha Meux mjini London lilipasuka, bia ikafurika mitaani na kuua watu 8. Mnamo 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya mtambo wa kukaangia kimea hadi kikawa cheusi tititi bila kuungua kuwa jivu, na tangu hapo weusi wa bia ukapatikana kwa nafaka kidogo tu iliyochomwa, iliyobaki ikabaki nyeupe. Huko Dublin, Arthur Guinness alikuwa amekwisha kukodi kiwanda mnamo 1759, kwa mkataba wa miaka 9,000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka (mwenye nyumba wangu hapa Hola asiusome mstari huu), na kufikia 1799 kampuni hiyo iliacha bia nyingine zote ikashika pota peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, serikali ya Uingereza ilibana nafaka, bia za huko zikapungua nguvu, na Ireland ikabaki na jina.

Sasa tuje kwenye ulimi wenyewe. Mpwa wangu afanyaye kazi melini aliniletea chupa na makopo kadhaa, yakasafiri kwa basi kutoka Mombasa kupitia Malindi na Minjila hadi hapa, yakiwa yamefungwa katika kanga za mama yake kama mtoto mchanga. Tulikuwa watu watatu, walimu tupu, alasiri ya Jumamosi, chini ya mwembe. Nilitoa sharti moja: atakayetamka neno "chungu" bila kulifafanua atanunua nyama ya mbuzi.

Tulianza na pota ya London, yenye kileo cha asilimia 5.4. Rangi yake si nyeusi. Ukiinua bilauri dhidi ya jua utaona wekundu wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa sana juu ya makaa. Harufu yake ilinukia mkate ulioiva vizuri, ukingoni kabisa, kabla haujaungua. Mdomoni ni laini, ina utamu wa mbali wa sukari guru, na mwisho wake huacha ukavu mwepesi. Mwenzetu wa hesabu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alitafakari kisha akasema: "Hii ni ukoko." Sote tulinyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Ukoko wa wali, ule unaobanduliwa chini ya sufuria, si chungu. Umekaangika, umekuwa wa kahawia, una utamu uliojificha ndani ya mkaango. Neno hilo moja lilieleza pota kwa ufasaha kuliko karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Ya pili ilikuwa stauti kavu ya Ireland, ile ya kopo lenye kidude cha plastiki ndani ambacho hutoa gesi ya naitrojeni kopo linapofunguliwa. Mbinu ya kutumia naitrojeni ilianza kuuzwa mnamo 1959, nayo ndiyo iletayo povu zito jeupe mfano wa tui la kwanza. Macho hudanganya hapa. Mtu huona weusi na povu akadhani kinywaji ni kizito, kumbe kileo chake ni asilimia 4 na ushei tu, na chenyewe ni chepesi kuliko bia nyingi za rangi ya dhahabu. Siri yake ni shayiri iliyokaangwa bila kwanza kuoteshwa iwe kimea. Shayiri hiyo huleta ladha ya buni kavu na, baada ya kumeza, hali fulani ya ulimi kusinyaa pembeni. Hapo mwalimu wa kemia alitaka kusema lile neno lililopigwa marufuku. Nikamzuia. Hali hiyo ina jina lake, nalo ni ukakasi. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kuuma bibo la mkorosho au ndizi isiyopevuka anaujua ukakasi: haumo kwenye utamu wala uchungu, ni mguso, ni kama kitambaa kikavu kilichopitishwa mdomoni. Anayesema stauti kavu ni chungu amechanganya mambo mawili, uchungu wa hopi, yale maua makavu ya mmea wa nchi za baridi ambayo hutiwa katika bia, na ukakasi wa nafaka iliyochomwa. La kwanza hukaa nyuma ya ulimi likang'ang'ania. La pili huenea kinywa kizima kisha likaondoka.

Ya tatu haikuhitaji kusafiri kwa meli. Ilikuwa stauti ya chupa iuzwayo kila mji wa Kenya, yenye kileo cha asilimia 6.5, nayo ni mjukuu wa bia ambayo Dublin ilianza kuipika mnamo 1801 kwa ajili ya kusafirishwa hadi visiwa vya Karibiani, ikiongezwa nguvu na hopi ili isiharibike baharini. Ni tofauti sana na ile ya kopo. Hii ina uzito, ina ukali ufanyao kifua kipate moto, ina ugwadu. Neno hilo, ugwadu, ndilo tulilobishania zaidi. Ni ile hali ya ukwaju na ya embe bichi, uchachu unaouma taya na kuleta mate. Mwalimu wa kemia alikana kabisa kuwa bia hiyo ina uchachu, akanywa tena, akakubali. Juu ya hayo pana utamu mzito kama wa sukari guru iliyoanza kuungua, na harufu ya masizi. Kwa hiyo ndani ya chupa ile moja, ambayo mji mzima unaiita chungu, tulihesabu uchungu, ukali, ugwadu, utamu na harufu ya kuungua.

Lazima niongeze kuwa jina moja halimaanishi ladha moja. Guinness ilifungua kiwanda chake huko Ikeja, Nigeria, mnamo 1962, na mwaka 1988 serikali ya nchi hiyo ilipopiga marufuku kimea cha shayiri kutoka nje, wapishi walilazimika kutumia mtama na mahindi. Hadi leo bia hiyo katika nchi kadhaa za Afrika hupikwa kwa nafaka ya huko, kisha huchanganywa na kiini cheusi kiletwacho kutoka Dublin. Mtama hauna tabia ya shayiri. Anayebisha kuwa ya nchi fulani ni tamu kuliko ya nchi nyingine huenda asiwe anajigamba bure.

Ya nne ilikuwa stauti ya maziwa, na sitakaa nayo sana. Haina maziwa kwa maana ya maziwa. Imetiwa laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, basi utamu wake hubaki hadi mwisho. Mimi niliiona imekolea kupita kiasi. Mwenzangu wa hesabu aliimaliza peke yake.

Wahudumu wa baa zetu huuliza swali ambalo wageni hulicheka: baridi au moto? "Moto" hapo ni bia iliyotoka rafuni tu, isiyoingia friji. Wasomi wengi huona kuwa kunywa bia isiyo baridi ni ushamba. Mimi nasema wazee wanaoagiza ya moto wana hoja. Baridi kali huufa ganzi ulimi na kuzuia harufu isipande puani, na ladha kwa sehemu kubwa ni harufu. Tuligawa chupa moja ya stauti ya Kenya mara mbili, nusu ikatoka kwenye barafu, nusu ikakaa kivulini. Ya barafu ilikuwa dufu mwanzoni, ikaacha uchungu tu nyuma, kwa maana utamu na harufu ya mkaango vilikuwa vimelala. Ya kivulini ilitoa kila kitu, pamoja na kileo chake kwa ukali usiopendeza, kwani kivuli cha Hola mwezi wa Februari si kivuli cha Dublin. Pengine penye haki ni katikati.

Jambo lililonigusa zaidi alasiri ile lilitoka kwa mwalimu wa kemia, ambaye ni mzawa wa Kakamega. Baada ya pota alisema kuwa ladha hiyo anaijua tangu utotoni, kwani nyanya yake alikuwa mpishi wa busaa. Wanaoijua busaa wanakumbuka jinsi ifanywavyo: unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke, kisha donge lile hukaangwa juu ya bati au karai pana hadi liwe la kahawia, ndipo hutiwa maji na kimea cha wimbi. Kukaanga nafaka kabla ya kuichachusha! Ndiyo kazi ile ile ya mtambo wa Wheeler, ila hapa ulikuwa mkono wa bibi juu ya moto wa kuni, akigeuzageuza kwa jembe kuukuu. Ukoko wa pota na ukoko wa busaa ni ndugu, na hakuna aliyemfundisha mwenziwe.

Huku kwetu kwenye mto Tana twakiendea kileo kwa njia nyingine. Utomvu hugemwa katika mkoma, na kuelekea pwani katika mnazi. Hapana moto, hapana kukaanga. Asubuhi tembo ni tamu kama maji ya dafu, adhuhuri limechangamka, jioni ni kali, na likilala siku chache huwa siki. Kulilinganisha na stauti ni kulinganisha embe na mhogo wa kuchoma. Hata hivyo, wagema wana jambo la kuwafunza wapishi wa bia nyeusi na wanywaji wao, kwa kuwa mgema hakubali neno moja. Atakutofautishia tembo tamu, tembo kali, lililochachuka na lililotiwa maji, na huyo wa mwisho ana methali yake ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi ameikariri. Ulimi uliozoea kununua hulazimika kupambanua.

Pana uzushi mmoja nisioweza kuupita nikiwa mwalimu. Watu husema bia nyeusi huongeza damu, na nimesikia ikipendekezwa kwa mama aliyejifungua. Chanzo chake ni rangi, pamoja na tangazo maarufu la mwaka 1929 huko Uingereza lililodai kuwa Guinness ni nzuri kwa mtu. Madini ya chuma yaliyomo katika chupa ni haba mno. Mchicha, ndengu na maini vitamfaa mzazi huyo, na kileo hakimfai. Weusi ule ni nafaka iliyokaangika. Hauhusiani na damu hata kidogo.

Wala nisieleweke kuwa ulimi hutambua kila kitu. Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na mwaka 2014 misiba kama hiyo ikarudi katika kaunti kadhaa. Methanoli haina ladha ya kumwonya mnywaji, nayo hufanana na kileo cha kawaida mdomoni na puani. Hodari wa kuonja na asiyejua kitu huzikwa siku moja. Ujuzi ninaousifu hapa ni wa kusema, usichukuliwe kuwa kinga.

Wapo watakaoniambia kuwa Kiingereza kimejaliwa maneno ya bia na sisi hatukujaliwa. Si kweli. Kiingereza chenyewe kilikuwa na maneno machache ya kupanga bia hadi juzi. Katika miaka ya 1970 Morten Meilgaard, mtaalamu mzawa wa Denmark, alichora gurudumu la ladha za bia, na vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani vikakaa kikao na kukubaliana kuwa harufu hii iitwe hivi na ile iitwe vile. Mwaka 1977 mwandishi Michael Jackson, ambaye si yule mwimbaji, alitoa kitabu kilichozipanga bia za dunia kwa aina na kuwafundisha wasomaji jinsi ya kuzieleza. Yaani walikaa chini wakayatafuta maneno. Sisi tunayo tayari: ukakasi, ugwadu, uchachu, ukali, ukoko, masizi, dufu, chapwa, kukolea, kunukia. Hata "tungu" la pwani, lile la kahawa tungu, lingeweza kutengewa uchungu unaopendeza, na "chungu" likabakia kwa mwarobaini. Lakini fungua insha za watahiniwa wetu. Chakula ni "kitamu sana", dawa ni "chungu sana", na hapo safari imekwisha. Mwanafunzi huyo huyo akienda maabara hudai kuwa sayansi haiwezekani kwa Kiswahili.

Niliamua kulijaribu suala hili darasani, bila shaka bila bia. Nilipanga mezani embe bichi, embe lililoiva, ukwaju, ndizi mbichi, ukoko uliotoka jikoni mwa shule na kikombe cha kahawa isiyo sukari, nikayafuta ubaoni maneno "tamu" na "chungu" na kuwaambia kuwa yamekwenda likizo. Dakika 10 za mwanzo zilikuwa za kicheko. Kisha mmoja akasema embe bichi lina ugwadu mbele na maji nyuma. Mwingine akadai kuwa kahawa ina ukakasi, mwenziwe akakataa, akasema ukakasi umo katika ndizi na kahawa ina mkaango tu, wakagombana vizuri sana mpaka kengele ikalia.

Kijana mmoja wa jamii ya Orma, asiyependa kuzungumza, alibaki nyuma. Akaniambia kuwa mezani hapakuwa na ladha anayoijua kuliko zote, yaani ya maziwa yaliyokaa katika kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto. Nikamwomba anieleze. Akafikiri muda mrefu. Si uchungu, akasema, wala si kuungua; ni moshi uliolala ndani ya maziwa na kuyafanya yawe makavu kidogo. Nikamwambia ayaandike hayo, nami nikaenda kulitafuta neno lake katika kamusi.